Nianze na mwaka gani wa michezo ya video ya miaka ya tisini? Chukua 1996

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi nimezaliwa baada ya miaka ya tisini, nikakuta michezo ya video imeshakomaa: kamera inajiendesha yenyewe, ramani inakuonyesha njia. Kila nikisoma maoni ya wakubwa naona wanaililia michezo ya enzi zao. Niliazima mmoja wa zamani, nikaucheza jioni moja, nikauacha. Mhusika anageuka kama lori kwenye uchochoro, na kamera imejibanza kwenye kona ya dari. Naomba unichagulie mwaka mmoja tu wa miaka hiyo, unitajie michezo yake unayoipenda wewe, na unieleze nitaichezaje bila kuichukia. Na je, ni kweli lazima nitafute televisheni ya zamani?

Jibu: Marahaba. Chukua 1996.

Najua wengi waliocheza enzi hizo watakutajia 1998, na orodha yao haina ubishi: The Legend of Zelda: Ocarina of Time, Metal Gear Solid, Half-Life, StarCraft, Resident Evil 2, yote ndani ya miezi kumi na miwili. Ungeniuliza ni mwaka upi ulitoa michezo iliyokamilika zaidi, ningekubali bila kubishana. Ila wewe umelalamikia mhusika anayegeuka kwa taabu na kamera iliyojibanza, na hayo ndiyo yaliyowakosesha watu usingizi mwaka 1996. Mashine za nyumbani zilikuwa zimeanza kuchora dunia yenye kina, na karibu kila studio kubwa ilikuwa inahangaika na swali moja: mchezaji atamwendeshaje mtu ndani ya dunia hiyo, na jicho la kumtazamia likae wapi? Hapakuwa na jibu la kunakili kwa jirani. Kila mmoja akabuni lake, na majibu yalipishana kiasi kwamba ukicheza michezo minne ya mwaka ule mfululizo, vidole vyako vitalazimika kujifunza upya kila mara. Mimi naona raha yake iko hapo hapo.

Tuanze na lori lako. Pedi iliyokuja na PlayStation, mashine ya Sony, tangu 1994 ilikuwa na vitufe vinne vya mwelekeo, basi. Vijiti viwili unavyovijua wewe vilifika kwenye pedi za Sony mwaka 1997. Kwa hiyo aliyetengeneza mchezo wa 1996 kwa mashine hiyo hakuwa na namna ya kupokea amri ya "sogea kushoto kidogo, polepole". Alikuwa na juu, chini, kushoto na kulia. Njia moja ya kujinasua ilikuwa kumfanya mhusika mwenyewe ndiye kipimo cha mwelekeo: juu maana yake songa mbele, kokote uso wake ulikoelekea, kushoto na kulia maana yake geuka papo hapo. Ukija na mazoea ya leo, ambapo unasukuma kijiti upande unaotaka kwenda na mtu anakwenda, unaona umefungwa minyororo.

Sasa tazama mpangilio huo ulivyofanya kazi ndani ya Resident Evil, mchezo wa Capcom ulioongozwa na Shinji Mikami, uliotoka Japani tarehe 22 Machi 1996 kwa jina la Biohazard. Jumba unalotembea mle ndani limechorwa mapema na kompyuta, chumba kwa chumba, likahifadhiwa kama picha zilizotulia. Kinachojongea ni watu, mazombi na baadhi ya vitu tu. Kwa kuwa mandhari ni picha, kamera haiwezi kukufuata. Ukivuka mstari fulani sakafuni, mchezo unabadilisha picha na unajiona kutoka upande mwingine. Fikiria mwelekeo ungefuata skrini: unakimbia kulia, picha inabadilika, na ghafla kulia ya skrini ni kule ulikotoka. Ungekuwa unarudi mdomoni mwa zombi kila kona. Mwelekeo unaofuata mwili unaliondoa tatizo hilo kabisa, maana mbele inabaki kuwa mbele hata picha ibadilike mara ngapi.

Halafu njoo kwenye kamera ya darini. Kwa sababu huioni kona inayofuata, unasikia kwanza. Nyayo zinaburuzwa upande ambao picha haikuonyeshi, na wewe umebakiwa na risasi chache. Mikami na wenzake waliyageuza mapungufu ya mashine kuwa hofu. Hata milango inayofunguka taratibu gizani iko pale kuficha muda ambao CD inasoma chumba kinachofuata, lakini aliyecheza atakwambia moyo ulikuwa unadunda kila kitasa kikizunguka. Kuhifadhi mchezo nako kunagharimu: unatumia utepe wa wino kwenye taipureta, na tepe zina idadi. Anza na Jill, mmoja wa wahusika wawili unaowachagua mwanzoni, ambaye ana nafasi nane za kubebea vitu. Chris ana sita, na tofauti ya nafasi mbili humo ndani ni kubwa kuliko unavyodhani. (Uigizaji wa sauti wa Kiingereza ni mbovu hadi unafurahisha. Usiupite haraka.) Wazo la jumba lenyewe lilitokana na Sweet Home, mchezo wa Capcom wa 1989 uliotoka Japani kwenye mashine ya Famicom, kwa hiyo usiamini anayekwambia kwamba hofu ya aina hii ilizuka kutoka hewani.

Tomb Raider ndio ninaoupenda kuliko yote ya mwaka huo, na ndio ninaotaka uuvumilie zaidi. Ulitengenezwa na Core Design, studio ya mji wa Derby, Uingereza, na mhusika wake, Lara Croft, alichorwa na Toby Gard. Ulitoka kuelekea mwisho wa 1996 kwa Sega Saturn, PlayStation na kompyuta. Wengi wanauacha ndani ya dakika kumi kwa sababu Lara anaruka akichelewa, anagonga ukuta, anaanguka. Hakuna aliyewaeleza siri yake: dunia yote ile imejengwa kwa vizuizi vya mraba vyenye ukubwa mmoja, na kila mwendo wa Lara umepimwa kwa vizuizi hivyo. Akiruka akiwa amesimama anavuka pengo la mraba mmoja. Akiruka kwa kukimbia anavuka miraba miwili. Akikimbia, akaruka na kunyoosha mikono kushika ukingo, anafika mitatu. Ukishikilia kitufe cha kutembea, hadondoki ukingoni hata umlazimishe. Na ukiwa umesimama kwenye ukingo, ruka kinyumenyume mara moja: sasa una nafasi kamili ya kukimbia kabla ya kuruka, bila kubahatisha.

Ukiyajua hayo, mchezo unabadilika mbele ya macho yako. Unaingia kwenye ukumbi mkubwa, unasimama, unahesabu. Pengo lile ni miraba mitatu, kwa hiyo lazima nishike. Ukingo ule uko juu ya kimo chake, kwa hiyo kuna kizuizi mahali fulani cha kusukuma. Hasira inayeyuka, kwa sababu ukianguka unajua ulihesabu vibaya au ulibonyeza mapema, na mchezo haukukudhulumu. Fika angalau hadi St. Francis' Folly, jengo refu la Ugiriki unaloliteremka ghorofa kwa ghorofa, lenye milango minne iliyopewa majina ya Neptune, Atlas, Damocles na Thor. Kila mlango una fumbo linaloendana na jina lake. Ndani ya chumba cha Damocles utaona mapanga yananing'inia darini, na utajua kitakachofuata kabla hakijafuata. Muziki ni wa nadra, watu ni wachache, na mara nyingi unasikia nyayo zako tu. Michezo mingi ya leo inaogopa kukuacha peke yako namna hiyo. Baada ya dakika mbili mhusika anaanza kusema na nafsi yake ili akupe jibu.

Kuna toleo lililosafishwa lililotoka Februari 2024, lenye michezo mitatu ya kwanza ya mfululizo huo, na unaweza kubadilisha kati ya picha za zamani na mpya kwa kitufe kimoja. Litakupa pia udhibiti wa kisasa. Ushauri wangu: ukatae. Ukumbi ulipimwa kwa hatua za Lara wa 1996, na ukimwendesha kwa kijiti vipimo vyote nilivyokutajia vinakosa maana. Utaruka kwa bahati, na utauchukia mchezo kwa sababu nyingine.

Nintendo wao walilishughulikia tatizo kuanzia mkononi. Nintendo 64 iliingia sokoni Japani tarehe 23 Juni 1996 ikiwa na pedi yenye kijiti, na Super Mario 64 uliokuja nayo siku ile ile, chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto, ulikuwa hoja nzima ya kwa nini kijiti kile kipo. Kisukume kidogo, Mario ananyata. Kisukume zaidi, anatembea. Hadi mwisho, anakimbia. Mchezo unakuachia bustani mbele ya ngome, hakuna adui hata mmoja, na hakuna anayekusukuma uingie ndani. Watu walikaa pale bustanini wakizunguka, wakipanda miti, wakiogelea kwenye maji yanayoizunguka ngome, na hiyo ndiyo ilikuwa darasa. Miruko mitatu mfululizo, mruko mrefu wa mbele, kuruka kwa kusukuma ukuta: yote yanajifunza hapo kwa mwili kabla ya kuyahitaji.

Kamera waliipa mwenye kuishika. Lakitu, yule anayepanda wingu, ndiye amebeba kamera, na mwanzoni unamwona kwa macho. Vitufe vinne vya njano vinamsogeza. Ni wazo la werevu, kwa sababu mchezaji wa 1996 hakuwa amezoea kwamba kamera ni kitu cha kuongozwa, na sura ya Lakitu ilimwelewesha bila mhadhara. Lakini nisikudanganye: kamera ile inakwama. Kwenye vichochoro vyembamba inagoma kuzunguka, na utakufa mara kadhaa kwa sababu yake na wala si kwa sababu yako. Nintendo wenyewe walilijua tatizo. Miaka miwili baadaye Ocarina of Time ukaja na kitufe cha kumkazia macho adui mmoja ili kamera ijue iangalie wapi. Ndiyo maana nasema huwezi kuielewa 1998 bila kupitia hapa. Nyota zote ni 120, lakini sabini zinatosha kukufikisha kwenye pambano la mwisho na Bowser, adui mkuu, kwa hiyo hatua inayokukera iache uende nyingine. Na ukimwona sungura chini ngomeni, mfukuze. Anaitwa MIPS, jina la jamii ya prosesa iliyomo ndani ya mashine yenyewe.

Crash Bandicoot, wa Naughty Dog, ulilikwepa swali: ukamweka mhusika kwenye njia nyembamba inayokwenda mbele, kamera ikiwa nyuma yake kwenye reli, basi hakuna cha kupotea. Unapendeza, ni mgumu kuliko unavyofanana, na toleo jipya la 2017 linatosha. Sina mengi zaidi. NiGHTS into Dreams wa Sega nao ulikwepa, kwa madaha zaidi: unaruka ndani ya dunia yenye kina lakini njia yako imenyooshwa kama mchezo wa zamani wa upande mmoja.

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa mengine, kwa sababu mezani kulikuwa na kibodi na kipanya. Quake wa id Software ulitoka Juni 1996. Mtangulizi wake Doom, wa 1993, ulikuwa unakuhadaa: hakukuwa na chumba juu ya chumba kingine, na maadui walikuwa picha bapa zinazokugeukia. Katika Quake kila kitu kina umbo kamili, kuta, ngazi, madaraja, mazimwi. Unaweza kusimama juu ya daraja na kumrushia bomu anayepita chini yake. Cha ajabu, kipanya hakikupangwa kutazama juu na chini tangu mwanzo. Mchezaji alipaswa kukiwasha kwa amri, na waliokiwasha wakawaacha wenzao mbali. Leo kila mchezo wa kurusha risasi kwenye kompyuta unachezwa hivyo, na kizazi chako hakijawahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine.

Hadithi ya Quake haina maana, na dunia zake hazifanani: mara ngome ya kale, mara karakana ya chuma, dalili kwamba wabunifu wake walikuwa wanavutana. John Romero, mmoja wao, aliondoka id mwaka huo huo. Ila kazi iliyofanywa chini ya sakafu ni nyingine kabisa. Watu walikuwa wanacheza kupitia modemu za simu, na kila ulipobonyeza kitufe, amri ilisafiri hadi kwenye seva, ikarudi, ndipo ukaona umesogea. Ulikuwa unajiendesha kwa kuchelewa. Mwezi Desemba 1996 John Carmack, mtayarishaji programu wa id, akatoa QuakeWorld, ambapo kompyuta yako haisubiri: inakusogeza mara moja kwa kukisia kwamba seva itakubali, na seva ikikataa inakurekebisha. Michezo unayocheza mtandaoni leo bado inafanya hivyo, na pale unapojiona umerudishwa nyuma ghafla, unashuhudia kisio kilichokosea.

Tena waliuacha mlango wazi. Lugha ya kuandikia sheria za mchezo, QuakeC, ilitolewa kwa umma, na mwaka ule ule wachezaji wakatengeneza Team Fortress juu yake. Wengine wakaanza kurekodi michezo yao kama filamu fupi. Valve walipotoa Half-Life mwaka 1998, injini yao, yaani programu inayoendesha mchezo, ilikuwa ile ya Quake waliyoifanyia kazi upya. Unaona tena tunarudi kule kule.

Usidhani mwaka mzima ulikuwa wa kina tu. Michezo iliyobaki bapa ndiyo iliyozeeka vizuri zaidi, na huo ni ukweli ambao mashabiki wa poligoni, yale maumbo yanayojenga dunia yenye kina, hawaupendi. Tarehe 27 Februari 1996 Japani ilipokea Pokémon Red na Green, kwenye Game Boy, mashine ya 1989 ambayo wengi walishaiona imekwisha. Satoshi Tajiri na kundi lake la Game Freak waliuhangaikia kwa miaka kama sita. Akili yake imo kwenye kebo inayounganisha Game Boy mbili: matoleo mawili hayana wanyama wale wale, kwa hiyo peke yako huwezi kukamilisha mkusanyiko, lazima umtafute mwenzako mbadilishane. Na mnyama wa 151, Mew, aliingizwa na mtayarishaji programu Shigeki Morimoto dakika za mwisho, kwenye nafasi ndogo iliyobaki ndani ya katriji. Wachezaji wakaja kumgundua wenyewe.

Civilization II wa Brian Reynolds, mapema mwaka huo, bado unaweza kukuibia usiku mzima. Red Alert wa Westwood nao ni wa kufurahisha, hasa ukiwa na mtu wa kumshambulia. Diablo ulitoka siku za mwisho kabisa za mwaka, kiasi kwamba wengi wanauhesabu wa 1997. Ulianza kama mchezo wa zamu, David Brevik akaugeuza uende wakati wote bila kusubiriana, na mengine unayajua. Duke Nukem 3D ulikuwa mkubwa sana mwaka ule. Ramani zake bado ni nzuri, utani wake umechacha. Ukiukosa hukukosa kitu.

Kuhusu televisheni. Hapana, si lazima, lakini anayekushauri hivyo ana sababu. PlayStation ilikuwa inabandika picha juu ya maumbo bila kuzingatia umbali wa kila sehemu, ndiyo maana sakafu na kuta zinajipinda unapozikaribia. Pia ilisogeza kona za maumbo hadi kwenye nukta nzima ya skrini iliyo karibu, kwa hiyo kila kitu kinatetemeka kidogo kikisogea. Nintendo 64 haikuwa na tatizo hilo. Yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti nne tu kwa picha za kubandika, hivyo kila kitu kinaonekana kimepakwa ukungu. Skrini za mirija, yaani za televisheni za zamani, zililainisha kasoro zote mbili, ilhali skrini yako ya leo inazinoa na kuzikuza. Kama huna mirija, tumia chaguo la kuweka mistari ya skrini ya zamani pale linapokuwepo, au punguza ukubwa wa picha. Usikae karibu mno.

Kwa mpangilio, anza na Mario 64, unaopatikana kwenye huduma ya kulipia ya Nintendo Switch, kwa sababu ndio ulio karibu zaidi na mazoea yako. Ukichoshwa na kamera yake, nenda Tomb Raider ukiwa na ile hesabu ya miraba kichwani. Resident Evil wa awali umerudi kuuzwa kwa kompyuta tangu 2024, kupitia duka la GOG. Ukiona mazombi wamekushinda kwa udhibiti ule, toleo lililotengenezwa upya mwaka 2002 na kusafishwa 2015 lina udhibiti wa kisasa, na hapo sitakulaumu, maana jumba lenyewe lilijengwa upya. Quake uweke mwisho, toleo la 2021, ambalo linawakutanisha wachezaji wa kompyuta na wa konsoli. Usiucheze peke yako tu. Tafuta mtu anayezijua ramani zake, na mkubaliane mapema kwamba mechi za mwanzo hazihesabiwi.